Simiyu katika daftari la dunia

Mjini Cambridge, Uingereza, kuna kituo cha Umoja wa Mataifa kinachotunza kanzidata ya maeneo yaliyohifadhiwa duniani kote. Maeneo hayo sasa ni takriban 300,000. Kwa Mkoa wa Simiyu utakuta humo Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, Pori la Akiba Maswa, na Kijereshi kule Busega. Ngitili, yaani malisho ya kufungwa kwa msimu, ambazo wazee wa Bariadi, Itilima na Meatu walizitunza vizazi na vizazi, nyingi hazimo. Sababu yake imo katika namna kanzidata hiyo, daftari la dunia, ilivyoanza.

Wajerumani ndio waliotangulia kutenga hifadhi huku kwetu. Mwaka 1896 gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya kudhibiti uwindaji na kutenga mapori ya kwanza ya akiba katika koloni lake. Miaka minne baadaye mataifa ya Ulaya yalikutana London kujadili wanyama wa Afrika, Waafrika wakiwa hawapo. Waingereza wakafuata njia ileile: sehemu ya Serengeti ikawa pori la akiba mwaka 1929, na mwaka 1951 ikawa hifadhi ya taifa. Usukumani kulikuwa na Bayege, chama cha wawindaji wa tembo chenye ngoma na dawa zake, na mtu aliyeingia humo aliheshimiwa. Chini ya sheria mpya mwindaji huyo akawa jangili.

Mwaka 1959 Baraza la Uchumi na Jamii la Umoja wa Mataifa liliagiza itayarishwe orodha ya hifadhi za taifa duniani. Mwaka huohuo Serengeti iligawanywa: Ngorongoro ikatolewa, na Wamaasai waliokuwa ndani ya hifadhi wakahamishiwa huko. Orodha ya kwanza ilitoka mwaka 1962, ambao pia ndio mwaka wa kutangazwa kwa Pori la Akiba Maswa. Kanzidata ya sasa ilianzishwa mwaka 1981, na mwaka huo Serengeti ikaingia katika Urithi wa Dunia. Miaka hiyo imegongana kwa bahati, lakini mantiki ilikuwa moja kote: eneo lihesabike likishapata mpaka, tangazo la serikali na askari wa kulilinda.

Ngitili haikuwa na tangazo. Mvua zilipoanza, familia au kijiji kilifunga sehemu ya malisho. Ng'ombe hawakuingia mpaka kiangazi kilipokolea, kwenye Julai au Agosti, nyasi za kwingine zilipokwisha. Humo ilipatikana mitishamba, kuni, asali na miti ya kujengea. Aliyevunja mwiko alishtakiwa mbele ya dagashida, baraza la wananchi, akatozwa faini.

Mfumo huo ulikaribia kufa, na haukuuawa na uzembe wa wafugaji kama ripoti nyingi za zamani zinavyopenda kusema. Katika miaka ya 1920 Charles Swynnerton, mkuu wa idara ya wanyamapori, aliongoza kampeni ya kufyeka mapori ya Shinyanga ili kuwamaliza mbung'o, na waliofyeka walikuwa Wasukuma wenyewe. Kisha pamba ikadai mashamba mapya. Katika miaka ya 1970 operesheni ya vijiji iliwahamisha watu, wakaziacha ngitili zao nyuma. Mkoa wa Shinyanga, ambao wakati ule ulizijumuisha Bariadi, Maswa na Meatu, ukafikia kuitwa jangwa la Tanzania.

Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulianza mwaka 1986. Wakati huo ngitili zilizojulikana hazikuzidi hekta 600 hivi. Maofisa walianza kwa kugawa miche, kama ilivyokuwa desturi. Mafanikio makubwa yalikuja walipowasikiliza wazee na kuacha ardhi ipumzike, dagashida na sungusungu, walinzi wa jadi, wakiilinda. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 ngitili zilikuwa zimevuka hekta 300,000 katika vijiji zaidi ya 800. Hizo ni kilomita za mraba 3,000, yaani eneo kubwa kuliko Pori la Akiba Maswa lote. Mwaka 2002 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Umoja huohuo uliutuza mfumo ambao daftari lake halikuwa na safu ya kuuandika.

Desemba 2022 mataifa yalikubaliana huko Montreal kwamba ifikapo 2030, asilimia 30 ya nchi kavu na bahari iwe imehifadhiwa. Taarifa ya kituo kile cha Cambridge ya mwaka 2024 inaonyesha dunia imefikia asilimia 17.6 ya nchi kavu na maji ya bara. Tanzania, kwa upande wa nchi kavu, ilishavuka lengo zamani. Asilimia hiyo ina wanaoilipia. Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012, ilikuwa na watu zaidi ya milioni 2 katika sensa ya 2022, na tembo wa Maswa hawasomi mpaka. Mkulima aliyeliwa mahindi hupewa kifuta jasho, na familia iliyofiwa hupewa kifuta machozi. Majina yenyewe yanakiri kwamba hayo si fidia.

Mwaka 2018 mkataba wa kimataifa wa bioanuwai ulikubali kutambua maeneo yanayohifadhi viumbe ingawa si hifadhi rasmi, na sasa yana kanzidata yake. Mlango huo unazifaa ngitili, lakini hauingiliki kwa kumbukumbu za mdomo. Halmashauri za Simiyu zitume wapimaji wakazunguke na wazee wangali hai, kila ngitili iandikwe katika mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, na wenyewe wapewe hatimiliki za kimila. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inayoruhusu hilo ipo tangu mwaka 1999.