Mtu wa Wapi? Tajiriba ya Mchezaji wa Skyrim Jijini Kigali na Historia ya Kutafsiri Ulimwengu wa Kubuni

Ikisiri

Makala haya yanachunguza tajiriba ya wachezaji wa Skyrim, mchezo wa video wa fantasia uliotolewa mwaka 2011, kwa kuiweka ndani ya historia ndefu ya namna ulimwengu wa kubuni kutoka ng'ambo ulivyoingizwa katika Kiswahili. Kwa kulinganisha tafsiri za vitabu za kati ya mwaka 1929 na 1940, usimulizi wa filamu katika Afrika Mashariki, na tafsiri zilizofanywa na wachezaji wenyewe kwingineko duniani, makala yanadai kwamba upungufu wa msamiati haukuwa kizuizi kikuu. Kilichoamua ni nani aliyeifanya kazi hiyo, na alijua nini kuhusu watu aliowatafsiria. Dai hili linathibitishwa kupitia neno moja ambalo mchezaji hukutana nalo mwanzoni mwa mchezo, na ambalo haliwezi kutafsiriwa jijini Kigali bila kuikumbuka historia ya Rwanda.

Maneno ya msingi: michezo ya video, fantasia, tafsiri, ujanibishaji, Kiswahili nchini Rwanda

1.0 Utangulizi

Jioni moja huko Nyamirambo niliketi nyuma ya wanafunzi wawili wa chuo kikuu waliokuwa wakicheza Skyrim kwenye kompyuta moja. Aliyeshika kipanya alisoma maandishi ya Kiingereza kimoyomoyo, kisha akamweleza mwenzake kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kinyarwanda: mzee huyu anatutuma upanga, mlinzi yule anasema tumeiba, juu ya mlima ule pana joka. Usimulizi ulikwenda vizuri mpaka mwenzake alipouliza kwa nini mhusika wao ana uso wa paka. Mwenye kipanya akajibu kwamba alimchagua hivyo mwanzoni. Akatafuta neno la kukitaja kile alichokichagua, akanyamaza kidogo, halafu akalisema kwa Kiingereza.

Makala haya yanajaribu kuueleza ukimya huo mfupi. Haukutokana na unyonge wa Kiswahili katika mtaa ule. Nyamirambo ni miongoni mwa maskani kongwe za Waislamu na wasemaji wa Kiswahili jijini Kigali. Lugha hii ilifika pamoja na askari na wafanyabiashara katika miaka ambayo Richard Kandt alikuwa akikianzisha kituo cha Wajerumani, kuanzia mwaka 1907, na msikiti wa Al-Fatah ulijengwa mwaka 1913. Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 Bunge likapitisha sheria iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Kijana yule alikuwa na lugha yenye zaidi ya karne moja mjini mwake. Hata hivyo alinyamaza, na sababu ya kunyamaza kwake inapaswa kutafutwa katika historia.

2.0 Mchezo na tajiriba ya mchezaji

Skyrim ni sehemu ya tano ya mfululizo wa The Elder Scrolls, unaotengenezwa na kampuni ya Bethesda ya Marekani. Ulitolewa tarehe 11 Novemba 2011, na mwaka 2023 ilitangazwa kwamba nakala zaidi ya milioni 60 zilikuwa zimeuzwa. Ni mchezo wa ulimwengu huria: mchezaji huunda mhusika wake, kisha huachwa katika nchi ya milima na theluji aende atakako. Anaweza kuifuata hadithi kuu ya kurejea kwa majoka, au akaiweka kando kwa miezi mingi, akawa mhunzi, mwizi, mganga wa mitishamba au msomaji wa mamia ya vitabu vilivyomo katika nyumba na mapango ya nchi hiyo.

Sifa mbili za tajiriba hii zinamhusu mtafiti wa lugha. Ya kwanza ni kwamba Skyrim ni mchezo wa kusoma na kusikiliza. Una makumi ya maelfu ya mistari ya mazungumzo, na nguvu kuu ya mhusika imo katika maneno. Mchezaji huyapata maneno ya lugha ya majoka yaliyochongwa kwenye kuta za mawe, matatu kwa kila nguvu, na kuliona neno hakutoshi: sharti alielewe ndipo limtii. Lugha hiyo ilibuniwa na Emil Pagliarulo na hati yake ikachorwa na Adam Adamowicz. Wachezaji wakaichukua, wakaitungia kamusi na sarufi, wakaanza kuandikiana kwayo. Lugha isiyo na mzawa hata mmoja ikapata wanaleksikografia wa kujitolea.

Ya pili ni kwamba mchezo huu husimuliwa. Mmarekani Shirley Curry, aliyezaliwa mwaka 1936, alijipatia wafuasi wengi kwa kurekodi safari zake ndani ya Skyrim na kuwaita watazamaji wake wajukuu. Bibi anayewasimulia wajukuu habari za mazimwi si jambo geni kwa msomaji wa Kiswahili. Vilevile, nchi inayoelea hewani katika Kusadikika ya Shaaban Robert (1951), shujaa asiyedhurika ila kwa sindano ya shaba katika visa vya Fumo Liyongo, na Ryangombe wa Rwanda, mwindaji aliyeuawa na nyati na ambaye waliotawazwa katika ibada yake waliaminiwa kuungana naye juu ya Karisimbi, ni ushahidi kwamba fantasia ina mizizi yake katika ukanda huu. Mchezaji wa Kigali anayeupanda mlima mrefu wa Skyrim kuwatafuta wazee wenye sauti ya ajabu haingii katika jambo ambalo mababu zake wasingelifahamu.

Ni kweli kwamba katika kumbi nyingi za michezo ya video za Afrika Mashariki mchezo unaotawala ni wa soka. Sababu yake ni ya kiuchumi na kilugha kwa pamoja. Soka huchezwa kwa dakika chache, hulipiwa kwa mchezo mmoja au kwa saa, na haihitaji kusoma. Ulimwengu huria hudai makumi ya saa, mahali pa kuhifadhi safari isipotee, na lugha anayoielewa mchezaji. Masharti mawili ya kwanza hutimizwa na mwenye kompyuta yake. La tatu halitimizwi na fedha peke yake.

3.0 Waliouingiza ulimwengu wa kubuni katika Kiswahili

Hali hii si mpya. Mwaka 1929 Frederick Johnson alichapisha tafsiri mbili, Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani, za riwaya zilizotoka kwa Kiingereza katika miaka ya 1880. Mwaka uliofuata ilianzishwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, naye Johnson akawa katibu wake wa kwanza. Mwaka 1940 ikatoka Elisi katika Nchi ya Ajabu, tafsiri ya Ermyntrude St Lo Malet, ambayo michoro yake inamwonyesha Elisi kama msichana wa Kiafrika.

Vitabu hivi vinatufunza mambo mawili. Kwanza, sungura mwenye saa na maharamia wa baharini walipata majina ya Kiswahili pindi alipopatikana mtu wa kuwapa majina, pamoja na mchapishaji na shule za kuvipokea vitabu hivyo. Pili, chaguo halikuwa la wasomaji. Mashimo ya Mfalme Sulemani ilikuja na mtazamo wa Haggard kuhusu Waafrika, na watoto wa Kiafrika wakausoma kwa lugha yao wenyewe. Tafsiri inayofanywa bila wenyeji kushiriki katika uamuzi yaweza kuwa fasaha na bado ikawaumiza.

Njia nyingine ilitoka kwa watu wenyewe. Nchini Tanzania, Lufufu alizifasiri filamu za ng'ambo kwa sauti yake, na Uganda ikapata wasimulizi wake wa kumbi za video. Nchini Rwanda filamu hizo huitwa agasobanuye, na Nkusi Thomas, aliyejulikana zaidi kama Yanga, alikuwa miongoni mwa wasimulizi waliopendwa mno. Msimulizi wa aina hii hatafsiri neno kwa neno. Huwapa wahusika majina ya mtaani, hueleza desturi asizozijua mtazamaji, huongeza mzaha, na hukwepa asilotaka kulisema. Kijana wa Nyamirambo aliyekuwa akimweleza mwenzake habari za joka alikuwa mrithi wa sanaa hiyo. Tofauti ni kwamba msimulizi wa filamu anaweza kulikwepa neno gumu likapita, ilhali mchezo husimama na kumngoja mchezaji ajibu.

4.0 Swali la karani

Skyrim huanza na mhusika akiwa mfungwa, mikono imefungwa, ndani ya mkokoteni unaoelekea mahali pa kukatwa vichwa. Wafungwa wanaposhushwa, askari mwenye orodha mkononi huwaita majina. Anapomfikia mhusika wetu humwuliza yeye ni nani. Hapo ndipo mchezaji huchagua mojawapo ya aina 10 za watu, kila moja ikiwa na vipaji inavyodhaniwa kuzaliwa navyo. Askari hugundua kwamba jina hilo halimo katika orodha yake. Mkuu wake huamuru mfungwa apelekwe kuuawa vivyo hivyo.

Mchezaji wa nchi nyingine huipita hatua hii akiwaza rangi ya nywele. Jijini Kigali haiwezi kupitwa kwa wepesi. Katika miaka ya 1930 utawala wa Wabelgiji uliwaorodhesha Wanyarwanda na kuandika kundi la kila mtu kwenye kitambulisho. Neno la Kinyarwanda lililobeba mgawanyo huo, ubwoko, lilikuwa pia neno la ukoo, na koo za Rwanda ziliwajumuisha watu wa makundi yote. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, kadi hiyo ilikuwa hukumu ya kifo kwenye vizuizi vya barabarani. Baada ya hapo maandishi hayo yaliondolewa katika vitambulisho.

Mtafsiri atumie neno gani basi katika ukurasa huo wa kwanza? Ubwoko halifai kwa sababu zilizotajwa. Kabila, neno ambalo Mtanzania au Mkenya angelichukua bila kusita, lingemrudisha msomaji wa Rwanda palepale. Mbari lina sura ya neno la kale na la kifasihi, lakini ndilo shina la istilahi mauaji ya kimbari. Rangi si sahihi, kwani baadhi ya watu wa mchezo huu wana sura za paka na mijusi. Nadhani kijana yule alilikimbilia neno la Kiingereza kwa sababu Kiingereza kilikuwa mbali, hivyo hakikuuma.

Pendekezo la makala haya linatoka katika matumizi ya kawaida ya Kiswahili. Mswahili anapotaka kumjua mgeni humwuliza: wewe ni mtu wa wapi? Jibu hutaja mahali: mtu wa Tanga, mtu wa Lamu, mtu wa Bujumbura. Karibu watu wote wa Skyrim wana jimbo wanalohesabiwa kuwa ni kwao, kwa hiyo swali hilo linatosha kiisimu. Halifuti ubaguzi uliomo ndani ya hadithi, wala halipaswi kuufuta. Katika mji wa Windhelm, Waelfu Weusi husongamana katika mtaa wao duni, na wachezaji wamebishana kwa miaka mingi kuhusu haki ya pande mbili za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi hiyo. Msomaji wa Kigali anaweza kuutambua ubaguzi huo na kuuhukumu kuliko wengi. Linalopaswa kuepukwa ni lugha ya mtafsiri mwenyewe kuchukua nafasi ya karani mwenye orodha.

5.0 Nani anatafsiri?

Skyrim ulitolewa pia kwa maandishi ya Kicheki, lugha yenye wasemaji takribani milioni 10, pungufu ya idadi ya watu wa Rwanda, waliozidi milioni 13 katika sensa ya mwaka 2022. Wasemaji wa Kiswahili, ambao UNESCO huwakadiria kuwa zaidi ya milioni 200, hawakupata tafsiri rasmi. Idadi ya wasemaji, basi, haielezi jambo hili. Soko linaeleza sehemu yake.

Lakini soko si njia pekee. Maandishi ya mchezo huu huhifadhiwa katika mafaili yaliyotengwa kwa lugha, na Februari 2012 kampuni iliwapa wachezaji zana za kuubadilisha. Wachezaji wa Hungaria, ambao nao hawakupata tafsiri rasmi, waliifanya kazi hiyo wenyewe. Sisi pia hatukosi mifano. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, na kuonyesha kwamba istilahi za kompyuta hupatikana zinapotafutwa. Mwaka 2016 kampuni ya Kiro'o ya Kamerun ilitoa Aurion, mchezo wa fantasia uliojengwa juu ya tamaduni za Kiafrika, lakini kwa Kiingereza na Kifaransa. Kiswahili chenyewe kimekwisha kupata sifa katika michezo: Baba Yetu, wimbo wa Christopher Tin uliotungiwa Civilization IV, ulipata tuzo ya Grammy mwaka 2011. Lugha yetu inaimbwa mlangoni mwa michezo hii, huku ndani yake hakuna anayeisema.

6.0 Hitimisho na mapendekezo

Historia iliyoelezwa hapa inaonyesha kwamba ulimwengu wa kubuni huingia katika lugha pale anapopatikana mtu wa kuuingiza, na kwamba atakayeingiza bila kuwajua wenyeji huingiza pia asichokikusudia. Kwa hiyo makala yanapendekeza mambo matatu. Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ishirikiane na vyuo vikuu vya kanda kuunda kikosi kidogo cha watafsiri na wachezaji, kianze na mchezo mmoja kwa makubaliano na wenye haki. Kwa kuwa Skyrim umepangiwa watu wazima barani Ulaya, mahali pake pa majaribio ni vyuo vikuu, si shule. Pili, itungwe faharasa ya istilahi za fantasia inayoeleza, kwa kila neno tata, kwa nini limechaguliwa na lipi limekataliwa. Tatu, Inteko y'Umuco na Chuo Kikuu cha Rwanda vishirikishwe tangu mwanzo, kwa kuwa maneno yasiyo na uzito Dar es Salaam au Mombasa yana uzito Kigali. Kiswahili kikiwa lugha rasmi ya nchi hii, kinawajibika pia kwa kumbukumbu zake.

Mwaka 2017 sheria iliwapa vijana wa Rwanda lugha rasmi ya nne. Kijana aliyenyamaza Nyamirambo alikuwa nayo tayari, na aliitumia kwa ufasaha kueleza panga, milima na majoka. Alichokosa ni neno moja ambalo angeweza kumtamkia mwenzake bila woga, na kulitafuta neno hilo ni kazi yetu.