Alikuwa na Leseni. Bado Alipigwa Risasi.

Wasee, niliacha chuo lakini historia haijaniacha. Leo tuko Marekani.

Tarehe 6 Julai 2016, jioni, pale Falcon Heights, jimbo la Minnesota. Philando Castile, miaka 32, anaendesha gari. Ako na mpenzi wake, na nyuma kuna mtoto wa miaka minne. Huyu jamaa alikuwa msimamizi wa jikoni kwa shule moja, ule msee wa kulisha watoto wa wenyewe.

Polisi anamsimamisha, anamwambia taa ya breki imekufa. Castile anatoa karatasi ya bima. Halafu, kwa heshima, anamwambia ako na bunduki. Alikuwa na leseni ya kuibeba, na sheria ya Minnesota haikumlazimisha kusema kabla ya kuulizwa. Alisema mwenyewe. Polisi akamwambia asiichomoe, naye akajibu haichomoi. Risasi saba. Tangu waanze kuongea, hata dakika moja haikuwa imeisha.

Polisi alisema aliogopa, alidhani mkono unafuata bunduki. Mpenzi wake alisema ulikuwa unafuata kitambulisho. Juni 2017 juri ikamwachilia polisi.

Unaweza kusema ni bahati mbaya ya usiku mmoja. Mimi nakataa, na sababu yangu ni hii.

Mwaka 1865 utumwa umetoka kuisha. Jimbo la Mississippi likapitisha sheria: mtu mweusi aliyeachwa huru, kama si mwanajeshi wa serikali, asibeba bunduki bila leseni ya bodi ya polisi ya kaunti yake. Mzungu hakuambiwa hivyo.

Mwaka 1956, Montgomery, Alabama, nyumba ya Martin Luther King ililipuliwa kwa bomu, mke na mtoto wakiwa ndani. Akaomba leseni ya kubeba bunduki. Pasta huyo! Akanyimwa.

Mwaka 1967, vijana wa Black Panther huko Oakland walikuwa wanafuata magari ya polisi na bunduki zikionekana wazi. Sheria ya California iliwaruhusu. Basi sheria ikabadilishwa mwaka huo huo, na gavana Ronald Reagan akaweka sahihi.

Unaona mpango? Ukiomba karatasi, unanyimwa. Ukifuata sheria bila karatasi, sheria inageuzwa. Castile alipata karatasi na akafuata sheria, na ukweli wake ndio ulimtisha polisi.

Mimi si shabiki wa bunduki. Lakini kila mara karao akisimamisha mtu, kuna msee huuliza: "Kwani alifanya nini?" Castile alifanya kila kitu tunachoambiwa tufanye. Kabla uulize hilo swali tena, uliza kwanza nani alikuwa ameshika bunduki mkononi.