Toba Iliyofika Mfukoni

Leo twataka kufikiri pamoja juu ya toba, na ili tuielewe vema tutakwenda London, mji mkuu wa Uingereza, mwaka wa 1843. Mwaka huo mwandishi Charles Dickens alitoa kitabu kidogo kiitwacho A Christmas Carol, ambacho kingali kinasomwa duniani kote.

Uingereza ya siku zile ilikuwa na viwanda vingi na mali nyingi, lakini watoto wa maskini waliteseka. Tume ya serikali ilichunguza kazi za watoto ikatoa taarifa zake mwaka wa 1842 na wa 1843. Watu walisoma habari za watoto wadogo waliovuta makaa ya mawe gizani chini ya ardhi, na wengine waliochoshwa viwandani kwa saa nyingi mno. Na maskini aliyeshindwa kabisa kujilisha, sheria ya mwaka wa 1834 ilimwelekeza kwenye nyumba za kazi, ambako mume alitengwa na mkewe, na wazazi na watoto wao.

Dickens aliyajua mambo haya kwa mwili wake mwenyewe. Mwaka wa 1824, alipokuwa na umri wa miaka 12, baba yake alifungwa katika gereza la wadeni la Marshalsea, na mtoto yule akafanya kazi ya kubandika karatasi kwenye chupa za rangi ya viatu. Basi aliposoma taarifa ya tume, kwanza alikusudia kuandika kijitabu cha kuwasihi Waingereza wamhurumie mtoto wa maskini. Kisha akageuza nia. Mwezi wa Septemba alizuru shule ya watoto fukara ya Field Lane, London, na mwezi wa Oktoba akaanza kuandika hadithi badala ya kijitabu. Aliimaliza kwa majuma sita hivi. Ilitoka tarehe 19 Desemba, na kufikia mkesha wa Krismasi nakala 6,000 zilikuwa zimeuzwa.

Hadithi yenyewe ni ya tajiri mmoja, Ebenezer Scrooge. Karani wake, Bob Cratchit, alilipwa shilingi 15 kwa juma, akiwa na mke na watoto wengi, na mmoja wao, Tim mdogo, alikuwa kiwete na mgonjwa. Katika baridi kali karani huyu aliota moto mdogo kama wa kaa moja tu, kwa maana sanduku la makaa lilikaa chumbani mwa bwana wake. Waungwana wawili walipokuja kuwaombea maskini msaada wa Krismasi, Scrooge aliwauliza kama magereza na nyumba za kazi zimefungwa. Walipomjibu kwamba wengi wangependelea kufa kuliko kwenda huko, alisema kwamba wakifa watapunguza idadi ya watu waliozidi.

Usiku ule Scrooge alitokewa na mzuka wa Marley, mwenzake wa biashara aliyekufa miaka saba nyuma. Marley alifungwa mnyororo mrefu, na mnyororo ule ulitengenezwa kwa visanduku vya fedha, funguo, kufuli na madaftari ya hesabu. Alikuwa ameufua mwenyewe alipokuwa hai, pete baada ya pete.

Huenda mtu akauliza: je, Mkristo ana haja gani na habari za mizuka? Twajibu kwamba hii ni hadithi ya kufundisha, wala haituagizi kuwatafuta wafu, jambo ambalo Neno la Mungu limelikataza. Tena tukumbuke Luka sura ya 16. Yule tajiri aliyekuwa mahali pa mateso aliomba Lazaro atumwe kuwaonya ndugu zake watano, akakataliwa, kwa kuwa wanao Musa na manabii. Dickens alitunga hadithi ambamo mtu mmoja alitumwa kweli. Lakini sisi hatuhitaji kumngoja Marley. Tunalo Neno, na tunaye Mmoja aliyefufuka katika wafu.

Twaona pia kwamba tajiri wa Luka hakusimuliwa kuwa alimpiga Lazaro. Kosa lake lilikuwa kwamba maskini alilala mlangoni pake naye asimjali. Ndivyo alivyokuwa Scrooge. Maskini wake hakuwa mbali. Aliketi chumba cha pili, akimwandikia barua zake. Ndipo mzuka wa pili ukampeleka nyumbani kwa karani, akamwona Tim mdogo mezani. Alipouliza kwa hofu kama mtoto ataishi, mzuka ukamrudishia maneno yake mwenyewe juu ya watu waliozidi. Scrooge akainamisha kichwa. Alikuwa amesema juu ya idadi. Sasa alimwona mtoto mwenye jina.

Basi Scrooge alipoamka asubuhi ya Krismasi, toba yake ilionekana wapi? Alicheka na kulia, ndiyo. Akaenda kanisani pia. Lakini hakukomea hapo. Alipeleka bata mzinga mkubwa nyumbani kwa Cratchit. Alimwahidi mmoja wa wale waungwana fedha nyingi, akisema zimo ndani yake deni za siku zilizopita. Na kesho yake ofisini alimwongezea karani mshahara, akamwamuru awashe moto na kununua chombo kingine cha makaa kabla ya kuandika neno lolote. Toba ilifika hadi kwenye makaa!

Zakayo naye, katika Luka 19, alisimama mbele ya Bwana akataja nusu ya mali yake, na malipo mara nne kwa waliodhulumiwa. Hakununua wokovu kwa fedha zile. Wokovu ni kwa neema tu. Lakini neema iliyoingia nyumbani mwake haikuogopa kufungua sanduku lake.

Ndugu, ni rahisi kutoa sadaka kwa maskini wa mbali huku yule anayetufulia nguo, anayetulindia mlango au anayetulimia shamba akingoja mshahara wa mwezi uliopita. Yatupasa tumwangalie yeye kwanza. Je, amelipwa? Mtoto wake akiugua, sisi twajua jina la mtoto huyo?

Tuombe. Ee Bwana, utufungue minyororo tuliyojifulia wenyewe. Utuonyeshe aliye mlangoni petu leo, kungali mchana. Amina.