Jinsi ugonjwa wa midomo na miguu unavyomshambulia ng'ombe

WAFUGAJI wa Nyeri, Karatina na Nanyuki huutambua ugonjwa wa midomo na miguu ng'ombe anapochuruzika mate na kuchechemea. Hata hivyo, dalili hizo huonekana siku 2 hadi 14 baada ya kuambukizwa, na huenda tayari anaambukiza wenzake.

Virusi huingia kwa pumzi, huzaana kooni, kisha damu huvisambaza hadi kwenye ngozi ya ulimi, ya chuchu na ya kati ya kwato. Seli hufa, malengelenge hutokea na kupasuka, yakiacha vidonda. Katika ndama, hushambulia misuli ya moyo na kuua ghafla.

Ng'ombe aliyepona aweza kubaki na virusi kooni kwa miezi mingi. Ugonjwa huu hauna tiba. Kinga ni chanjo.