Dawa ya Ebola: historia inayofaa kufundishwa darasani

Somo la biolojia linaweza kumfundisha mtoto kwamba Ebola ni virusi, likaishia hapo. Lakini historia yake ina mafunzo zaidi.

Mwaka 1976, Daktari Jean-Jacques Muyembe alitumwa Yambuku kuchunguza ugonjwa usiojulikana. Damu ya mgonjwa ilipelekwa Ubelgiji. Watafiti waliupa ugonjwa jina la mto Ebola ili kijiji cha Yambuku kisibebe aibu.

Mwaka 1995 Ebola ilizuka Kikwit. Muyembe na wenzake waliwapa wagonjwa 8 damu ya watu waliopona; 7 kati yao walipona. Damu ya mtu mmoja aliyepona Kikwit ndiyo chanzo cha dawa ya mAb114, iliyojaribiwa Beni, Butembo, Katwa na Mangina kuanzia Novemba 2018. Agosti 2019 ilitangazwa kuwa inaokoa maisha.

Hata hivyo, Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Wananchi waliochoshwa na mauaji ya miaka mingi waliona Ebola inaletewa magari na pesa, huku usalama wao ukisahauliwa. Dawa nzuri haitoshi pale watu wanapokosa imani.

Mwalimu wa sayansi, hata yule anayefundisha chini ya hema kambini, anaweza kuwauliza wanafunzi: nani aliombwa ruhusa? Nani anafaidika? Nani anabeba hatari? Mtoto aliyezoea maswali hayo atatofautisha uvumi na utafiti. Na siku akiwa mtafiti, atamweleza mgonjwa kwanza, ndipo ashike sindano.