Mkeka wa Ukindu: Kazi ya Mikono Katika Nyumba za Pwani



Ukitaka kuijua historia ya pwani yetu ya Tanga, aghalabu utaelekezwa kwenye mawe. Utaambiwa nenda Tongoni ukaone makaburi ya kale na gofu la msikiti, au nenda Pangani ukatazame majumba ya zamani. Hayo ni kweli, na yana mafunzo. Lakini nyumba ya mawe ilikuwa ya wachache. Watu wengi wa pwani hii walilala, walisali na walikula juu ya majani yaliyosukwa kwa mikono, na majani huoza. Ndiyo maana historia yao haina gofu la kutembelewa. Basi leo tuitafute kwenye mkeka.

Katika karne ya kwanza ya Miladi, mfanyabiashara mmoja kutoka Misri, aliyeandika kwa Kiyunani, alieleza safari za pwani ya Afrika Mashariki. Alitaja kisiwa ambacho watu wake walikuwa na vyombo vilivyoshonwa kwa kamba, na walivua kwa mitego ya kusuka waliyoitega penye mikondo ya maji. Bandari ya mwisho aliyoitaja aliiita Rhapta, jina linalotokana na neno la Kiyunani la kushona, kwa sababu ya vyombo hivyo. Zama nyingi baadaye mtepe ulikuwa bado unashonwa kwa kamba ya nazi, na tanga lake lilikuwa mkeka uliosukwa. Nao wavuvi wetu wa dema hutega hivyo hivyo hata leo. Kabla ya msumari kufika, pwani hii ilishikanishwa kwa kamba.

Kamba hiyo haikuokotwa njiani. Makumbi ya nazi yalifukiwa katika matope ya ufukweni, mahali ambapo maji hupwa na kujaa, yakaachwa kwa miezi. Kisha yalifukuliwa na kupondwa mpaka zikatoka nyuzi za usumba, zikasokotwa kamba. Waliofukia, waliofukua, walioponda na waliosokota walikuwa zaidi ni wanawake.

Ama mkeka, asili yake ni mkindu, mti uotao mabondeni na kandokando ya mito. Huchukuliwa kuti changa kabla halijafunguka, likaanikwa juani hata likawa jeupe, kisha likachanwa chane nyembamba. Chane zinazotakiwa rangi huchemshwa nayo sufuriani. Zamani rangi nyeusi ilitolewa katika mmea uitwao mdaa, na ya njano katika bizari ya manjano. Baadaye ikaja rangi ya dukani. Chane husukwa zikawa ukili, nao ukili hushonwa ukingo kwa ukingo mpaka mkeka ukatimia. Ni kazi ya majuma, na mwanamke huifanya huku ananyonyesha, au anangoja chungu kichemke, au anazungumza na jirani barazani.

Tazama sasa nyumba ilivyokamilika kwa mikono hiyo. Mkeka wa kulalia, jamvi la miyaa la kukaribishia watu wa arusi na wa matanga, msala wa kusalia, kawa la kufunikia chakula, kipepeo cha moto, kifumbu cha kuchujia tui, kikapu cha sokoni. Mtoto alizaliwa juu ya mkeka, akasomea Kurani chuoni juu ya jamvi, na alipokufa alikoshewa na kuombewa na watu walioketi juu ya jamvi hilo hilo.

Wala usidhani kwamba ni mambo ya umaskini tu. Anas bin Malik amesimulia kwamba Mtume wetu (S.A.W.) alialikwa chakula na ajuza wa nyumba yao, Mulayka. Baada ya kula alitaka kuwasalisha. Anas akautwaa mkeka wao, uliokuwa umeshakuwa mweusi kwa kutumika siku nyingi, akaunyunyizia maji, na Mtume akasali juu yake. Kadhalika imepokewa kwamba Salman al-Farsi, alipokuwa liwali wa Madain, alikuwa akisuka majani ya mtende. Alinunua majani kwa dirhamu 1 na kuuza alichokisuka kwa dirhamu 3: moja alinunulia majani mengine, moja aliitumia kwa watu wake, na moja aliitoa sadaka. Bibi Zaynab bint Jahsh naye alikuwa fundi wa kutengeneza ngozi na kushona, na pato lake alilitoa kwa maskini. Liwali na mke wa Mtume hawakuona haya kwa kazi ya mikono. Sisi tunaona haya ya nini?

Basi kazi hii imepatwa na nini? Ili tuelewe, tuutazame mkonge, ambao kila mtu wa Tanga anaujua. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Iliyofika hai na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani, ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo yakaenea mashamba makubwa, na mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 230,000 za katani. Kisha kamba za plastiki zikajaa duniani, bei ikaanguka, na kwa sababu hiyo na nyinginezo mazao yakashuka hata chini ya tani 40,000 katika miaka ya 1990.

Plastiki ile ile iliyouangusha mkonge ndiyo iliyouingia mkeka. Lakini ipo tofauti. Mkonge ulikuwa na wa kuulilia: makampuni, serikali, na kituo cha utafiti cha Mlingano. Mkeka wa ukindu ulikuwa wa mama zetu, na ulipoondoka vyumbani hakuna aliyeandika tani zake. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania Bara, vikapu vyetu vilikuwa na nafasi ya kurudi. Wengi wetu tulikimbilia mifuko mbadala ya kiwandani, na mingi katika hiyo ni plastiki pia, iliyofanywa kama kitambaa.

Ndugu msomaji, kilichopotea si chombo tu. Ukili ulikuwa mfuko wa mwanamke. Mjane, au mke ambaye mumewe yuko baharini, aliuza mkeka akanunua daftari la mwanawe bila ya kumwomba mtu. Na sheria yetu iko wazi: alichokichuma mwanamke ni chake. Mume anayeichukua fedha ya mkeka bila ya ridhaa ya mkewe amekula kisicho chake, ijapokuwa ukindu aliukata yeye.

Na sisi wanunuzi tujihesabu. Dukani tunalipa bei ya mkeka wa plastiki bila ya neno. Lakini bibi mzee akileta mkeka wa majuma matatu, tunaanza kumvuta bei, anapunguza, tunamvuta tena, mpaka anauza kwa shida yake. Mtu wa namna hii asishangae bintiye akikataa kujifunza kusuka. Mtoto ameona, ameelewa.

Njia ya kuanza si ngumu. Kama yupo mtu mzima mtaani kwako ajuaye kusuka, mpelekee watoto wako, wa kike na wa kiume, wakati wa likizo, na umlipe ada yake kama unavyomlipa mwalimu. Waanze na kipepeo, kwani ni kidogo na mtoto hukiona kimekwisha kabla hajachoka. Kisha kawa, kisha msala. Ukiwa katika kamati ya msikiti, waulizeni wasukaji bei ya jamvi kabla ya kuagiza zulia. Na ukinunua mkeka, lipa bei aliyoitaja fundi, ukijua kwamba unalipa majuma ya uhai wake.

Mwenyezi Mungu aibariki mikono inayochuma halali. Amin.