Dogo akidakwa Tabora, ndo jela?

Wadau, hapa Tabora, njia ya zamani ya misafara ya Ujiji, madogo wa kubeba mizigo stesheni nawaona kila siku. Akidakwa mmoja, kijiweni wanasema ndo basi tena, jela. Si kweli.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 hahukumiwi kifungo jela, wala hatakiwi kuchanganywa mahabusu na watu wazima. Mahakama inaweza kumwachia kwa masharti, akaangaliwa na ustawi wa jamii huku anaishi kwao. Temeke, Dar, mpango wa kuwarekebisha watoto wakiwa mtaani ulianza 2012.

Ila asiye na wa kumdhamini anaweza kusota ndani. Unamjua dogo? Wahi ustawi wa jamii, waambie kwao wapi.